GPA Ndogo na Ndoto ya Kusomea Historia: Kamati ya Udahili Inatazama Nini

Kila msimu wa udahili, sisi wa kamati tunapokea hapa Dodoma barua zinazoanza kwa kuomba radhi. Mwombaji alisoma uhasibu, au kilimo, au ualimu wa sayansi, akamaliza na GPA, yaani wastani wa alama zote za chuo, ya 2.8. Sasa ana miaka kadhaa kazini na anataka kusoma shahada ya umahiri (masters) ya historia. Aya mbili nzima anajilaumu. Kisha mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, anagusia kwamba babu yake alikuwa kibarua Kongwa, mkoani hapa Dodoma, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Sisi wanahistoria tukifika kwenye mstari huo ndipo tunakaa vizuri kwenye viti, na barua imeshakwisha.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Vyuo vikuu vyetu vinahesabu GPA kwa kipimo cha 5.0. Daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na vyuo vingi huanzia hapo kwenye 2.7 kupokea maombi ya umahiri. Kwa hiyo mwenye 2.8 anaruhusiwa kuomba. Shida yake ni ushindani, kwani anagombea nafasi na watu wa 3.8. Mwenye pasi, yaani 2.0 hadi 2.6, safari yake ni ndefu zaidi, na nitamfikia.

Watu wengi hawajui kwamba kamati hufungua transkripti na kuisoma mwaka kwa mwaka. Chukua mwombaji aliyepata wastani wa 2.1 mwaka wa kwanza, 2.7 mwaka wa pili na 3.6 mwaka wa tatu, uzito wa kozi ukiwa sawa. GPA yake ya jumla inatoka 2.8. Mwenzake aliyeanza na 3.6 akashuka hadi 2.1 naye ana 2.8 hiyo hiyo, lakini mbele ya kamati hao ni watu wawili tofauti kabisa. Kama wewe ni yule wa kwanza, liseme hilo kwenye barua, tena kwa sentensi tatu zinatosha: nini kilitokea, kiliisha lini, na alama zipi zinaonyesha kimeisha. Kama ni ugonjwa au msiba, utaje kwa heshima na uambatishe uthibitisho ukiwa nao. Sapu zako, yaani mitihani uliyorudia, usizifiche, kwa sababu tunaziona.

Lakini maelezo ya alama hayamfanyi mtu kuwa mwanahistoria. Kinachotushawishi ni swali. "Napenda historia tangu utotoni" tunaisoma kila mwaka na haituambii chochote. Sasa mrudie yule babu wa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka vichaka pale ili walime karanga kwa matrekta. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeanguka. Kuanzia 1964 Kongwa hiyo hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji wakitangulia, na wengine kama ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia wakafuata. Katikati hapo, kati ya 1951 na 1964, vibarua waliokuwa wakilipwa mshahara walirudi kwenye nini? Ardhi iliyofyekwa ilichukuliwa na nani? Hilo ni swali la utafiti, na mjukuu wa kibarua ana pa kuanzia kulijibu zaidi kuliko mtu wa 3.8 asiyejua amuulize nani.

Kisha andika. Kwa anayehamia historia kutoka fani nyingine, sampuli ya uandishi ya kurasa 10 hadi 15 ina uzito kuliko barua yoyote. Soma nyaraka moja au mbili vizuri. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Waingereza, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko maalumu wa vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki. Halafu kaa na mzee. Hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, mzee hatakutajia mwaka. Atakwambia mama yake alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya. Ni juu yako kujua kwamba Mtunya ni ile njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1917 hadi 1920, kisha ulinganishe alichosema na kilichoandikwa na mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Pale wanapopishana, usiharakishe kuamua nani mkweli. Eleza kwa nini wanapishana. Kazi ya historia ni hiyo hasa, na kamati ikiiona kwenye kurasa zako huacha kuzungumzia mwaka wa kwanza.

Kama unazungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe, andika hivyo waziwazi. Transkripti haina safu ya lugha hizo, nasi tunazihitaji sana. Anayetaka kipindi cha Wajerumani aanze Kijerumani mapema.

Sasa wenye pasi. Njia ya uhakika zaidi ni stashahada ya uzamili: unaisoma vizuri, unapata matokeo mapya ya kuonyesha. Baadhi ya vyuo pia huwafikiria wenye uzoefu wa kazi au maandishi yaliyochapishwa. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipe ada ya maombi. Nimeona vijana wakipoteza fedha zao kwa kukisia.

Barua za mapendekezo ziandikwe na watu waliosoma kazi yako. Mhadhiri aliyesimamia ripoti yako ya mwaka wa tatu anakufaa kuliko mheshimiwa anayekujua kwa jina. Ukiomba nje, tuseme Marekani ambako kipimo ni 4.0, usibadilishe GPA kwa hesabu zako, andika "2.8 kati ya 5.0" na uwaachie wao.

Na upange kalenda yako kwa mvua. Desemba hadi Aprili wazee wako shambani na barabara nyingi za vijijini ni tope. Kuanzia Juni, mavuno yakishaingia ndani, watu wana muda wa kukaa. Pitia kwanza ofisi ya kijiji na barua ya utambulisho, omba ruhusa ya mzee kabla hujawasha simu kurekodi, na usiende siku moja tu. Mambo mengi ya Kongwa niliyoyasikia mimi yalisemwa katika ziara ya tatu.