App kutomjua mdudu wako haimaanishi umegundua spishi mpya

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Mbawakawa wa maji, mkubwa, mweusi wa kijani, ubavuni ana utepe wa njano, yuko ndani ya ndoo, na flashi imempiga mgongoni mpaka pale nilipotaka kupaona pamekuwa peupe tu. Chini yake ujumbe: "Dokta, nimemtia kwenye app haimjui, kwa hiyo ni spishi mpya, tunamsajilije?" Huyo ni wa nne tangu mvua zianze. Safari hii naandika mara moja kwa wote, maana kumjibu kila mtu kwa sauti WhatsApp nimechoka, na jambo lenyewe nalipenda mno kulimaliza kwa "hapana" tupu.

App ya kutambua wadudu inajua picha ilizolishwa, basi. Mbawakawa wazamiaji, familia ya Dytiscidae, wana zaidi ya spishi 4,000 zenye majina duniani, na wengi wa huku kwetu kwenye joto hakuna aliyewahi kuwapiga picha wakiwa hai, wapo makumbusho tu wamegundishwa kwenye vikadi. Kwa hiyo app ikikwambia haimjui imekupa habari za app, za mdudu haijakupa hata moja.

Nipite haraka hapa: hakikisha kwanza ni mzamiaji. Antena nyembamba kama uzi, miguu ya nyuma bapa yenye manyoya, akiogelea anaipiga yote miwili kwa pamoja kama makasia, na akipanda kuvuta hewa anatanguliza makalio. Akipiga miguu kwa zamu, antena zimeishia na kirungu, huyo ni Hydrophilidae, ukoo mwingine kabisa.

Sasa hilo neno "mpya". Mdudu anaweza kuwa watoto wa kijiji kizima wanamchota kila siku kwenye ndoo zao na bado akawa mpya kwa sayansi, na anaweza kuwa hujawahi kumwona wewe wala mwalimu wako wala app yako na akawa na jina tangu karne ya 18. Upya hauko kwenye mdudu. Upya unatokea baada ya wewe kumlinganisha na kila jina lililowahi kutolewa kwa ndugu zake, kuanzia Linnaeus, aliyeanzisha mtindo huu wa majina ya kisayansi ya wanyama, mwaka 1758, ukakosa hata moja linalomfaa. Hiyo kazi ya kulinganisha ndiyo watu hawaioni, na ndiyo inayokula miaka.

Chukueni Eretes, jenasi moja ya wazamiaji, yaani kundi la spishi zenye jina la kwanza moja. Wale wa rangi ya majivu yenye umanjano na vidoa vyeusi, wanaokuja kugonga taa usiku. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya Dunia ya Kale, yaani Afrika, Asia na Ulaya, waliandikwa tu Eretes sticticus na mambo yakaisha. Mwaka 2002 mtaalamu wa wazamiaji Kelly Miller akaipitia jenasi nzima akatoka na spishi 4. Ungedhani basi kapata majina matatu mapya ya kutoa, sivyo? Alitoa moja tu, Eretes explicitus, wa Amerika. Mwingine, Eretes griseus, alikuwa ameshapewa jina na Fabricius mwaka 1781, na jina hilo likawa limelala miaka mingi chini ya sticticus kama sinonimu, yaani jina la ziada la mdudu yule yule. Yaani mdudu ni tofauti kweli, ila jina lake lilikuwepo. Ukikurupuka ukampa jina lako, kazi ya wenzako watakaokuja ni kulifuta, na kulifuta kunachukua muda kuliko kuliandika.

Mimi kazi yangu hasa ni Copelatus, jenasi nyingine ya wazamiaji, na hapa ndipo nataka mnivumilie. Hawa ni wadogo, wengi nusu sentimita hivi, kahawia, na wana spishi zaidi ya 400, karibu zote za nchi za joto. Ukimtazama kwa macho utasema punje ya ulezi iliyoota miguu. Mgongoni, kwenye yale mabawa magumu ya juu, wana mistari iliyochimbwa kwa urefu, na tangu enzi za Sharp aliyeandika wazamiaji wa dunia nzima mwaka 1882, hadi Guignot aliyeandika wa Afrika kati ya 1959 na 1961, mistari hiyo ndiyo imetumika kuwagawa. Kundi la erichsonii, kwa mfano, ni mistari 10 ya mgongoni na mmoja wa pembeni kwa kila bawa. Nami nilifundishwa hivyo, nikaamini hivyo, hesabu mistari umepata kundi.

Shida inaanza ukikaa naye kwenye hadubini. Mstari wa kwanza unaanzia katikati ya bawa badala ya begani, je, huo ni mstari au si mstari? Mwingine umekatika mara tatu kama barabara ya udongo baada ya masika. Nina dume mmoja kutoka milima ya Uluguru nilimhesabu asubuhi nikapata 10, jioni nikahamisha taa upande wa kushoto nikapata 11, mdudu ni yule yule na macho ni yale yale. Halafu majike ya spishi nyingine yana mikwaruzo mifupi mifupi kati ya mistari, mingi kiasi kwamba mistari yenyewe inapotea. Kwa hiyo mimi leo makundi haya nayatumia kama ufunguo wa kufikia droo inayofaa, ila sisemi kwamba waliomo kundi moja ni ndugu wa damu, na nikisoma pepa inayosema hivyo bila ushahidi mwingine roho inaniuma.

Kinachoamua mara nyingi ni uume wa dume. Najua mnacheka, lakini ndiyo hali. Unamloweka kwenye maji ya moto alainike, unamlaza chali, unaingiza pini nyembamba uliyoipinda ncha kupitia tundu la nyuma, unavuta polepole. Kinatoka kitu cha takriban milimita moja, kahawia kama ukucha, kimepinda kama mundu. Unakiweka kwenye tone la gliserini, unakichora kwa ubavu na kwa juu. Mundu huu ncha imepinda kwa ndani, ule ncha imenyooka na ina kinundu kidogo. Ndugu wawili waliokuwa hawatofautiki mgongoni, hapo ghafla unawaona ni wawili. Mara ya kwanza kuliona hilo sikulala usiku ule, nilirudi kufungua masanduku yote.

Na shaka ninayo. Kinundu kikiwa kidogo zaidi kwa dume huyu kuliko yule, waliochotwa dimbwi moja siku moja, ni spishi mbili au ni kama pua zetu sisi watu zisivyolingana? Ukiwa na madume 30 unaweza kuona kama kuna pengo. Ukiwa na wawili, unakisia. Spishi nyingi za zamani zilielezwa kwa mdudu mmoja au wawili, na tunazibeba hivyo hivyo.

DNA inasaidia, siikatai hata kidogo, na nikitaka kujua jike gani ni wa dume gani ndiyo ninayoitegemea. Hili la jike si dogo: Linnaeus mwenyewe, mwaka ule ule wa 1758, alimpa mzamiaji wa Ulaya Dytiscus marginalis jina lake, halafu jike wake mwenye mifereji mgongoni akampa jina la pili, semistriatus, kama spishi nyingine. Ila DNA inakwambia wadudu wako wamegawanyika vipi, haikwambii lipi kati ya majina ya zamani ni la kundi lipi. Jina limefungwa kwa holotaipu, mdudu mmoja halisi mwenye lebo yake, na huyo kama aliwekwa pini miaka 140 iliyopita kupata DNA yake ni bahati na ruhusa.

Wako wapi hao? Wa Guignot wengi wako Tervuren, Ubelgiji, na Paris. Wa Sharp, London. Mdudu kachotwa Afrika na kujua kama yule wa kwenye kichupa changu ni yeye au si yeye ni lazima mtu avute droo Ulaya. Kuna makumbusho niliyoandikia nikiomba picha ya holotaipu moja tu, ubavu wa uume, nikajibiwa baada ya miezi minane, na picha yenyewe ilikuwa ya mgongo. Nilisubiri tena. Hiyo ndiyo sababu ile pepa yangu ilichelewa, kwa mliokuwa mnaniuliza.

Kusajili sasa: tangu 2000 lazima uitaje holotaipu waziwazi na useme imehifadhiwa wapi, ueleze inatofautianaje na wengine, na tangu 2012, ukichapisha mtandaoni pekee, pepa iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Jina la mwenye ndoo si sharti. Mimi ningependa waitwe majina ya mito na milima walikotoka.

Na kama kweli mnataka wapya, acheni mabwawa makubwa, angalieni sakafu ya msitu. Mwaka 2019 ilitoka kazi ya Madagaska iliyoonyesha kuna Copelatus na jamaa zao maalumu wa vidimbwi vya mvua kwenye majani makavu msituni, vya kukauka baada ya siku chache, mahali ambapo wengi wetu tulikuwa tunapita na nyavu zetu mabegani tukielekea mtoni. Tangu niisome natembea na kichujio cha chai mfukoni.

Wewe wa ndoo: wako ni Cybister, jenasi ya wazamiaji wakubwa, na ni jike, maana dume angekuwa na miguu ya mbele iliyotanuka kama vikombe. Spishi siwezi kusema kwa picha hiyo na sitasema. Usimtupe. Mtie kwenye spiriti, ethanoli ya asilimia 96 ukiipata ni bora zaidi, ndani weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: kijiji, tarehe, maji ya namna gani, GPS ya simu. Wino wa kalamu utayeyuka. Halafu rudi kwenye dimbwi lile lile kabla halijakauka ukanitafutie dume, wakiwa watatu nitashukuru zaidi.