Kifusi hakiponyi njia ya mlimani

Masika yakimalizika, ombi ni lilelile katika vijiji vya Usambara vyenye njia za wapanda milima na za baiskeli: njia imechimbika, tuleteeni kifusi. Kisha yanafuata mengine. Ipanuliwe, ukingo wa chini uinuliwe ili mtu asiporomoke, na kandokando uchimbwe mtaro. Nayaandika haya kwa sababu kifusi hicho kitakuwa bondeni kabla vuli haijakwisha, na watu waliokipandisha kichwani watakuwa wamechoka bure.

Itazameni njia yenyewe kwanza. Mizizi iko nje, udongo laini umeondoka yamebaki mawe, na pembeni kuna vijia viwili vitatu vipya vya watu waliokwepa utelezi. Hizo ni dalili za maji yanayoteremka juu ya njia badala ya kuivuka. Miguu, kwato na matairi hulegeza udongo, lakini anayeubeba ni maji. Njia inayoshuka moja kwa moja kilimani ni mtaro, na ukiujaza kifusi umeyapa maji mzigo mwingine wa kubeba.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mwelekeo. Kanuni tunayoshika ni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inapopita. Kilima kikiwa na asilimia 30, yaani kikishuka mita 30 kwa kila mita 100 za usawa, njia isizidi 15. Kilima cha asilimia 12, njia isizidi 6. Ukiivuka nusu hiyo, maji huona wepesi kuifuata njia kuliko kuikata. Wengi hawatarajii kwamba penye mteremko mdogo ndipo kanuni hubana zaidi: kwenye kilima cha asilimia 6, njia ya asilimia 5 ni mfereji tayari, ingawa mguu unaona ni tambarare. Pamoja na hayo, wastani wa njia nzima ubaki kwenye asilimia 10 au chini yake. Vipande vifupi vya 15 na zaidi vinakubalika penye mwamba au changarawe ngumu. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Lushoto, mahali penye kivuli na baiskeli, mimi husimama kwenye 8.

Asilimia si digrii. Asilimia 10 haifiki digrii 6, na digrii 10 ni karibu asilimia 18. Simu ikikuonyesha 10, soma alama inayofuata namba kabla hujapiga kigingi.

Si lazima uwe na simu hata hivyo. Bwana shamba anayo fremu A, ileile ya kupimia kontua za matuta, yaani mistari ya usawa inayokatiza kilima. Miti miwili imeunganishwa juu, upau katikati, timazi ya uzi na jiwe, miguu ikiachana mita 2 kamili. Isimamishe, weka alama uzi unapokata upau, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa funga kipande cha mti cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja. Mguu huo ukiwa upande wa kushukia na uzi ukitulia kwenye usawa, ardhi imeshuka sentimita 20 katika mita 2, yaani asilimia 10. Kwa asilimia 8 kata kipande cha sentimita 16. Kupima kilima chenyewe, laza ubao wa mita 1 ukiwa sawa kwa pima maji, ncha yake ya ndani ikigusa ardhi, na upime ncha ya nje iko juu ya ardhi kwa sentimita ngapi: sentimita 40 ni asilimia 40.

Sasa ukingo, maana hapo ndipo subira yangu inapokwisha.

Mkulima wa milimani amefundishwa, na amefundishwa vizuri, kwamba maji yasiachiwe. Ile “fanya juu” ya Ukambani, Kenya, iliyolipeleka jina la Kiswahili kwenye vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, ni mtaro unaochimbwa kufuata kontua huku udongo wake ukirushwa upande wa juu, ili tuta lishike maji na udongo. Lushoto kingo za matuta hupandwa majani ya Guatemala kwa kazi hiyohiyo. Shambani ni sahihi kabisa. Lakini mtu huyohuyo akipewa jembe achonge njia, mkono wake unajenga tuta. Udongo anaouchimba anaupanga upande wa bonde, anaushindilia, anaupigia mstari wa mawe, na njia inakuwa bakuli refu. Maji yakiingia hayana pa kutokea mpaka yafike kwenye kona, na hapo yanapasua kwa pamoja.

Sakafu ya njia ilale kuelekea bondeni, asilimia 5 hivi. Kwa upana wa mita 1, ukingo wa nje uwe chini kuliko wa ndani kwa sentimita 5. Pima kwa ubao na pima maji, usiamini macho, kwani kwenye kilima kikali jicho hudanganyika. Sentimita 5 hazimwangushi mtu. Anayemwangusha mtu ni tope lililonaswa nyuma ya lile tuta lililojengwa kumlinda.

Udongo uliochimbwa urushwe mbali, utawanyike majanini. Kama chini kuna shamba, usiyafukie mahindi ya watu: ubebe kwa karai ukajaze korongo la njia ya zamani. Usiutumie kamwe kupanulia njia. Sakafu yote ichongwe kwenye ardhi asilia, kwa sababu ile iliyochongwa nusu na kujazwa nusu hukaa msimu mmoja, kisha upande wa kujazia hulowa na kuteremka. Kabla ya hapo ondoa mboji na mizizi yote mpaka ufikie udongo mgumu, kwani mboji hunywa maji ikawa uji. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa kilima, ulazwe, ukiachwa wima masika yatauangusha njiani.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: mlalo huo wa asilimia 5 haudumu. Miguu na matairi hushindilia katikati, ukingo wa nje hubaki juu ukaota nyasi, na baada ya misimu michache bakuli limerudi lenyewe bila mtu kulijenga. Siiamini tena njia inayotegemea mlalo peke yake. Kinachodumu ni mawimbi. Kila baada ya mita 6 hadi 15, njia inayoshuka inainuka kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yakifika kwenye mbonyeo yatoke upande wa bonde yasipate pengine pa kwenda. Mwinuko wa sentimita 20 hadi 30 uliosambazwa kwenye mita 3 au 4 unatosha, na baiskeli huupita bila kuruka. Mdomo wa kutokea uwe na upana wa mita 1 au zaidi na umwage kwenye majani. Mawimbi haya hupangwa wakati wa kupiga vigingi. Ukiyakumbuka baada ya njia kuchongwa, utaishia kumwaga vichuguu vya udongo ambavyo mvua itavilamba.

Mita 6 hadi 15 ni nafasi pana mno kuitwa kipimo, na tukubali kwamba tunakisia. Kwenye mfinyanzi wenye mteremko mkali naanza na 6 hadi 8. Hata hivyo sisemi kazi imekwisha mpaka njia inyeshewe huku mtu akiifuata kwa mguu, akichomeka kigingi kila mahali maji yanapoanza kukimbia. Saa moja ndani ya mvua hufundisha kuliko ramani.

Magogo yanayolazwa kukatiza njia siyapendi. Nyuma yake hujaa mchanga, watembea kwa miguu huyazunguka na kuitanua njia, na gogo lililolowa humtelezesha mwenye baiskeli, hasa likiwa limekaa kwa pembe. Ni dawa ya dharura kwenye njia ya zamani, basi.

Kuhusu upana, hesabu inajieleza. Kilima cha asilimia 50, njia ya mita 1 iliyochongwa yote kwenye ardhi asilia: ukuta wa nyuma una sentimita 50, na unachimba robo mita ya ujazo kwa kila mita ya njia. Njia ya mita 2: ukuta mita 1, na unachimba mita ya ujazo nzima. Upana umezidi mara mbili, kazi mara nne, na hapo ukuta haujalazwa bado. Kwa watembea kwa miguu na baiskeli chache, mita 1 hadi 1.2 inatosha. Penye kona isiyoonyesha mbele fyeka kwanza, kisha ndipo ufikirie kuongeza upana. Juu pawe wazi mita 2.5, maana kuna anayepita na mzigo wa kuni kichwani.

Kifusi kina mahali pake, nako ni tambarare yenye unyevu ambako mlalo hauwezekani. Hapo inua njia: mawe chini, juu sentimita 10 za moramu au kokoto zilizopondwa zikiwa na vumbi lake, katikati pawe juu kidogo, mifereji pande zote mbili. Kokoto za mtoni hazifai, ni duara na huviringika chini ya tairi. Kwa mita 100 zenye upana wa mita 1 unahitaji mita 10 za ujazo zilizoshindiliwa, sawa na 12 hivi zikiwa huru. Kwa karai la lita 12 ni safari 1,000. Wanaodai kifusi kwa njia nzima ya kilomita 4 waizidishe hesabu hiyo mara 40, kisha waniambie nani atabeba.

Kona za kupandia, pale njia inapojigeuza kurudi upande ilikotoka ili ipande kilima, ni shida nyingine. Watu huzikata kwa sababu wanakiona kipande cha pili cha njia hapo chini yao. Ziwe mbali moja na nyingine, penye mteremko mdogo, na acha kichaka au jiwe kubwa kati ya vipande viwili. Baiskeli inataka nusu kipenyo cha mita 2 hadi 3 ili igeuke bila mtu kushuka.

Na hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Kanuni ya nusu inamfaa mtu aliyekuja kutembea. Mama anayekwenda gulioni na ndizi kichwani hatazunguka mara tatu ya umbali kwa sababu ya asilimia zetu, na njia ilikuwa yake kabla ya wageni kuja. Penye mkato wa namna hiyo tuuache, tuutengenezee ngazi za mawe: kimo cha sentimita 15 hadi 18, kina cha 35 au zaidi, mawe yapandane kwa theluthi moja, na maji yatolewe pembeni kabla ya ngazi ya kwanza. Baiskeli ipewe njia yake. Mazungumzo haya yafanyike na halmashauri ya kijiji na wenye mashamba kabla ya kigingi cha kwanza, na ndani ya msitu wa hifadhi wa Magamba ruhusa ni ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Njia ya zamani ifungwe kweli. Matawi mawili mdomoni hayazuii mtu. Weka vizuizi vya mawe kukatiza korongo, kila kimoja kitako chake kikiwa usawa wa kichwa cha kile cha chini yake, lima udongo ulioshindiliwa, kisha panda. Kijijini majani ya Guatemala yanafaa. Ndani ya hifadhi tumia mabonge ya majani ya palepale, usiingize mmea mgeni. Ficha mita 15 za mwanzo vizuri kuliko zote, kwani mtu hukata njia pale anapoiona.

Ukarabati ni mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na kabla ya vuli, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Watu wanne, majembe mawili, chepe na fyekeo. Kila mdomo wa wimbi uzibuliwe, na kila mahali ukingo wa nje umeinuka, ukatwe.