Mlowezi si mwasisi

Juzi tena nimemsikia mtangazaji akiwataja Makaburu, wale Wazungu wa Afrika Kusini waliohamia Uasin Gishu, magharibi mwa Kenya, mwaka 1908, kuwa "waasisi wa bonde la Sosiani", yaani bonde la mto unaopita Eldoret. Si mara ya kwanza, na kila nikilisikia neno hilo mahali pale naona limekaa vibaya.

Mlowezi ni mtu aliyetoka kwao, akaja ugenini kukaa moja kwa moja. Basi. Neno linatokana na kulowea, yaani kukaa ugenini mpaka ukapazoea, na limeundwa kama mlezi kutoka kulea au mtetezi kutoka kutetea. Kwa asili halina tusi. Mtu wa Pemba aliyehamia Mombasa akaoa na kuzeekea huko, watu husema amelowea, na hapo hakuna aliyemkosea adabu. Uchungu uliingia katika neno baadaye, lilipoanza kutumiwa kwa wale waliopewa ardhi na serikali ya kikoloni. Hawa hawakuja kuomba pa kukaa kwa wenyeji. Walikuja na hati.

Mwasisi ni neno jingine kabisa. Lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa asasi: aliyeweka msingi. Anayeitwa mwasisi wa mahali anadaiwa kitu kimoja kizito, kwamba kabla yake pale hapakuwa na msingi wowote.

Hapo ndipo ninapokwama. Nenda Uasin Gishu utazame mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa eneo hilo. Ni mabonyeo ya mviringo yaliyochimbwa kwenye mteremko, mengine yakiwa bado na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, na mlango umewekwa upande wa chini ili tope na samadi vitoke. Yalikuwa mazizi. Aliyeyachimba alijua maji ya mvua ya pale yanakwenda wapi. Baada yao walichunga Wamaasai walioliachia eneo jina lao, na hiyo "gishu" ni ng'ombe kwa Kimaasai. Kisha Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza Oktoba 1905. Miaka mitatu tu baadaye, msafara wa hao Makaburu ulioongozwa na van Rensburg, zaidi ya watu 200, ulishuka melini Mombasa, ukapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo ukakwea nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Safari ilikuwa ya taabu kweli, magari yakizama matopeni, na sioni sababu ya kuwanyima sifa ya ustahimilivu. Lakini uwanda walioukuta wazi ulikuwa umefanywa wazi kwa vita na amri, na wenyeji wake walikuwa wamesukumiwa kwenye maeneo waliyotengewa na serikali.

Hata majina ya mji wa Eldoret yanasimulia hayo. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 iliwekwa kwenye shamba lililopimwa na kupewa namba 64, na mji ukaitwa hivyo kwa Kiingereza, "Sixty-Four". Wenyeji wakaitamka namba ile kwa ulimi wao, ikawa Sisibo, na mpaka leo ukisema Sisibo utaeleweka. Ardhi iliyogeuzwa namba ni kazi ya mpima ardhi wa serikali, na ardhi ilipimwa ili wapewe walowezi. Jina la Eldoret, lililoshika mwaka 1912, hurudishwa kwenye neno la Kimaasai la mto wa mawe, likavishwa mwisho wa Kikalenjin. Mto wenyewe ndio huo Sosiani, unaoteremka kuingia Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Kwa hiyo hata walipotaka jina la heshima kwa mji wao, walilichukua kwa watu waliowatangulia mtoni.

Nakubali kwamba posta ina waasisi wake, na benki ya kwanza, na duka la kwanza. Mji wa mabati na barabara zilizonyooka unaweza kuwa na mwasisi. Bonde ndilo lisilo naye.

Basi mtangazaji mwenzetu, ukirudi kwenye habari hii, sema "walowezi wa Kizungu katika bonde la Sosiani". Ni maneno machache tu ya ziada, na msikilizaji wa Sisibo hatakuwa na neno.