Je, wajua nyamrerwa hupigaje hodi kwa mtu asiye na mlango?

Kazi ya mhudumu wa afya ya jamii huanzia mlangoni. Anapiga hodi, anakaribishwa, anavutiwa kiti, halafu anauliza nani anakohoa, nani mjamzito, mtoto alichanjwa lini. Huku Kisumu wengi bado humwita nyamrerwa, jina la Kijaluo alilokuwa nalo kabla serikali haijampa cheo kirefu na begi lenye mashine ya presha. Sasa mfikirie kijana anayelala kwenye kibaraza cha duka karibu na soko la Kibuye. Mwenye duka akija kufungua asubuhi, kibarazani hakuna mtu, pamebaki katoni tu. Nyamrerwa apige hodi wapi?

Mpango wenyewe ulizaliwa vijijini, na sehemu yake kubwa ni hukuhuku magharibi. Katika miaka ya 1970 Profesa Miriam Were alifanya kazi na wanavijiji wa Kakamega, akiwaachia wenyewe wachague jirani wa kufunzwa mambo ya afya. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomletea Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi mwaka 2008. Saradidi, kule Siaya, nako kulikuwa na mradi wa aina hiyo. Miaka mingi baadaye, Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja akitarajiwa kuangalia takriban kaya 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti hugawana nusu kwa nusu. (Posho hiyo huchelewa. Muulize yeyote kati yao, lakini uwe na muda wa kusikiliza.)

Neno la kushikilia hapo ni kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja. Ukitazama vizuri, vijana wa kibarazani ni kaya kamili: wana mkebe mmoja wa kupikia, na wana mkubwa wao ambaye hawamkaidi. Wanachokosa ni ukuta wa kuandikwa nambari. Sensa maalum ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na kaunti za Kisumu na Nakuru kila moja ilikuwa na zaidi ya 2,000. Ukigawa hesabu za nyamrerwa mtaa kwa mtaa, hao hawamwangukii mtu.

Ugonjwa unaoonyesha shida hii waziwazi kuliko mwingine ni kifua kikuu. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa karibu na wenzake mahali pasipopitisha upepo. Chupa ya gundi wanayopokezana vijana ina madhara yake mengi, ila TB haiambukizwi kwa kugusa chupa wala kwa kula sahani moja. Kinachowaponza ni kulala. Usiku wa Nakuru una baridi ya kuuma, kwa hiyo watu sita hujibana ndani ya kalvati moja chini ya karatasi moja ya nailoni, wakipumuliana hadi asubuhi.

Dawa zipo na hospitali za umma hazizitozi pesa. Kazi ni kuzimaliza. Tiba ya kawaida ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Mbona muda wote huo? Bakteria wa TB ni mvivu. Wapo bakteria wa tumboni wanaogawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, lakini huyu huchukua karibu siku nzima, na baadhi yao hujilaza mapafuni kama waliokufa. Dawa humpata vizuri anayekua. Aliyelala humponyoka, kisha huamka. Hata hiyo miezi sita ni nafuu. Zamani tiba ilifika mwaka mmoja na nusu, na majaribio yaliyosaidia kuifupisha yalifanyika miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo.

Balaa ni kwamba baada ya wiki chache mgonjwa anajisikia mzima. Homa imeondoka, kikohozi kimelegea, na hamu ya kula imerudi kwa kishindo. Mgonjwa aliye na kwake hapo humshukuru Mungu na kufungua sufuria. Wa barabarani amerudishiwa njaa asiyo na cha kuituliza, na vidonge juu ya tumbo tupu humchafua roho. Anaacha. Bakteria waliobaki wakizizoea dawa, TB inayofuata ni sugu, na huyo atahitaji dawa nyingine kabisa.

Jibu la swali letu nililiona kwa macho kwenye kibanda cha uji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapata makali. Mama muuza uji alikuwa na mkebe wa majani chai wenye kifuniko, umewekwa juu ya rafu mbali na moto. Ndani mlikuwa na vidonge vya kijana mmoja, na kadi yake imekunjwa mara nne. Kijana alifika akijikuna usingizi, akasimama pembeni ya wateja.

"Omera, umechelewa," mama akamwambia.

"Polisi walitutoa usiku, mama. Nimelala mbali."

Mama alimhesabia vidonge vitatu kiganjani, akamtazama akivimeza, akamwambia afungue mdomo, ndipo akamjazia kikombe. Dawa hizi hupendelea tumbo lisilo na kitu, lakini anayetapika huruhusiwa kuzimeza pamoja na chakula chepesi, na bila kile kikombe kijana asingekuja. Nyamrerwa alipita baadaye kuuliza kama amemeza. Akauliza pia rangi ya mkojo, swali lililowachekesha waliokuwa foleni. Si utani huo: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Ukiwa mweupe, dawa haijaingia.

Kwa hiyo hodi ilipigwa kwa muuza uji. Nyamrerwa hana njia ya kujua kijana atalala wapi, ila anajua atakula wapi, saa ngapi, na nani atamkosa asipoonekana. Wengine hutumia mlinzi wa usiku, kinyozi, au mkubwa wa kile kikosi cha vijana. Eldoret, mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa ulikwenda hatua zaidi: uliwachukua vijana waliowahi kuishi mtaani wawafuate wenzao kwenye maskani zao na kuwasindikiza kupimwa na kutibiwa virusi vya Ukimwi. Kusindikiza si jambo dogo. Mtu akinuka moshi na gundi, askari wa getini humrudisha hata kabla hajataja ugonjwa.

Kinachouvunja mpango huu ni gari la usiku. Februari 2019, watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru walikusanywa, wakasafirishwa na kutupwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo. Aliyekuwa kwenye dozi, mkebe wake ulibaki mjini. Misako midogo ya kila wakati hufanya vivyo hivyo bila kutangazwa redioni, na mwenye kibanda naye akibomolewa, nyamrerwa amepoteza mgonjwa na mlango kwa siku moja.

Halafu kuna kitambulisho. Dozi ya TB hutolewa bila malipo, lakini mguu uliooza kidonda huzungumza lugha ya bima, na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kwa mtu mzima huanza na nambari ya kitambulisho. Aliyezaliwa barabarani, bila cheti cha kuzaliwa, ataanzia ofisi ya chifu, na chifu atamuuliza anatoka kijiji gani.

Kadi ya yule kijana niliiona mama alipoikunjua kuweka alama. Makohozi yalikuwa yamepimwa mwezi wa pili, yakaonekana safi. Yangepimwa tena mwezi wa tano na mwishoni. Penye nafasi ya makazi, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: "Kibuye, kwa mama uji, mkabala na mshona viatu. Afike kabla ya saa moja."