Kumpumzisha Kijana Mwenye Wasiwasi Si Kumtibu

Katika maombi yote ninayoletewa na wazazi wa vijana wenye wasiwasi uliopindukia, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: niandike barua ya kwenda shuleni ili mtoto apumzike nyumbani, hofu iishe kwanza, kisha arudi darasani akiwa mzima. Wiki hii limeletwa tena, safari hii barua ikiwa imekwisha kuchapwa na kubakiza saini na muhuri tu. Sikuisaini. Wazazi wale waliondoka wakiamini kwamba sina huruma, na kwa kuwa imani yao ni ya walimu wengi, viongozi wa dini na hata baadhi yetu tunaofanya kazi hospitalini, naona ni lazima nieleze kwa kirefu kwa nini mapumziko ya namna hiyo ndiyo yanayoufanya ugonjwa huu uote mizizi.

Mambo ya msingi nitayapitia haraka. Kila kijana huwa na wasiwasi; tunauita ugonjwa pale unapozidi kiasi cha jambo lenyewe, unapodumu kwa miezi, na unapomnyang'anya kijana shule, marafiki au usingizi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu kijana mmoja kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 anaishi nao. Kwa kawaida huanza mapema, mara nyingi kabla ya kidato cha kwanza, kwa hiyo kusema "ni ujana tu, utamwisha" ni kumchelewesha. Tena huja kwa sura ya mwili: tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio, vidole kufa ganzi. Wengi hunifikia wakiwa wamekwisha kutibiwa vidonda vya tumbo na taifodi, faili limejaa vipimo vya moyo visivyoonyesha kasoro. Ni sawa kuchunguza upungufu wa damu, tezi ya shingo, pumu na dawa zake, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana huvinywa usiku wakijisomea. Vikiisha kuangaliwa hivyo, vipimo vikome. Ganzi ya vidole hutokana na kupumua kwa kasi mno, kunakopunguza hewa ya kaboni kwenye damu. Inatisha, lakini haiui.

Sasa nirudi kwenye mapumziko. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri kijana anaamka, tumbo linamkata, anatapika kidogo, na mama anamwambia alale. Ikifika saa mbili tumbo limetulia, anaomba chai. Hapo familia hugawanyika. Mama anasema mapumziko yamemponya, baba anasema mtoto alikuwa anajifanya. Wote wawili wamekosea. Maumivu yalikuwa ya kweli, kwa maana mwili uliojiandaa kupambana au kukimbia huvuruga tumbo kwelikweli, nayo yametulia kwa sababu kilichokuwa kinaogopwa kimeondolewa. Ubongo wa kijana umejifunza somo moja tu asubuhi hiyo, nalo ni kwamba amesalimika kwa kuwa hakwenda. Jumanne somo hilo linamkabili likiwa na nguvu zaidi, na baada ya wiki mbili amerundikiwa kazi asizozifanya, mada asizozielewa na maswali ya wenzake kuhusu alikokuwa. Hofu iliyokuwa haina sababu ya kutosha sasa imepatiwa sababu.

Nikifika hapa, upande wa baba hushangilia: "Basi alazimishwe." Hapana. Kumburuta kijana hadi getini na kumwacha akitetemeka mbele ya wenzake si tiba hata kidogo. Kinachotibu ni kuikabili hofu kwa hatua zilizopangwa, ambazo kijana mwenyewe amekubaliana nazo. Si mtindo mpya: mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi alivyomzoesha mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo huku mtoto akila chakula alichokipenda. Ni karne nzima sasa, na bado naombwa barua za mapumziko.

Nieleze kwa mfano, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mhusika. Binti wa kidato cha pili, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, alishindwa kabisa kusoma kwa sauti katika kipindi cha Kiingereza. Zamu yake ikikaribia aliomba ruhusa ya kwenda chooni, au alisingizia kikohozi. Baadaye akaacha kwenda shule siku zote zenye kipindi hicho. Tulianza na kumsomea bibi yake aya moja jioni, kisha kujirekodi kwa simu na kuisikiliza sauti yake, kisha kumsomea rafiki anayekaa naye dawati moja, kisha kumwuliza mwalimu swali mlangoni mwa ofisi ya walimu, na hatimaye kusoma sentensi mbili darasani kwa makubaliano na mwalimu. Kila hatua aliiandika katika daftari lenye safu tatu: ninachotarajia kitatokea, hofu yangu kati ya 0 na 10, na kilichotokea. Siku ya darasani safu ya kwanza ilisema, "Nitakwama, darasa zima litacheka, nitazimia." Hofu 9. Safu ya tatu ilisema, "Wawili walicheka. Sauti ilitetemeka. Sikuzimia. Mwalimu alisema endelea."

Naomba msomaji aitazame safu ile ya tatu kwa makini, kwa sababu hata wenzangu katika kazi hii huipita haraka. Wawili walicheka kweli. Kama lengo letu lingekuwa kumthibitishia kwamba hakuna atakayecheka, zoezi lingekuwa limeshindwa. Alichojifunza ni kwamba kicheko kinaweza kuja, naye akaendelea kusimama. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumweka mgonjwa mbele ya hofu mpaka hofu ishuke, na ikiwa haikushuka tulihesabu kwamba hatujafanya kitu. Kazi za Michelle Craske wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, zimetuhamishia mkazo kwingine: kinachobadilisha mambo zaidi ni pengo kati ya alichokitarajia mgonjwa na kilichotokea, hata kama hofu yenyewe imebaki juu. Ndiyo maana hatua iliyofuata kwa binti yule ilikuwa kutamka neno moja vibaya kwa makusudi na kuendelea kusoma bila kuomba radhi. Mama yake alidhani nimepotoka. Hatua hiyo ndiyo iliyomfungua.

Ndiyo maana pia nawasihi wazazi waache kutoa hakikisho lisilo na mwisho. Kijana anauliza, "Mama, sitafeli?" na mama anajibu, "Hutafeli, mwanangu." Baada ya dakika kumi swali linarudi, na jibu linarudi. Jibu la kwanza ni upendo. La ishirini ni sehemu ya ugonjwa, kama vile kumwagilia magugu ukidhani unamwagilia mchicha. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliunda tiba inayomshughulikia mzazi peke yake: anajifunza kupunguza hatua kwa hatua yale anayoyafanya ili kuikwepesha hofu ya mtoto, na mtoto hafiki kliniki kabisa. Walipoilinganisha na tiba ya kawaida ya utambuzi na tabia, yaani ya mazungumzo na mazoezi ya kubadilisha namna ya kufikiri na kutenda, kwa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14, matokeo hayakuwa hafifu kuliko ya tiba hiyo. Maneno ninayowapa wazazi ni haya: "Naona unaogopa kweli, na naamini unaweza kwenda ukiwa na hofu hiyo." Nusu ya kwanza bila ya pili inamwacha kijana kitandani, na ya pili bila ya kwanza anaisikia kama kufokewa.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipamba, nalo ni mazoezi ya kupumua. Nayafundisha, na kwa kijana anayehema mpaka vidole vinakakamaa yanasaidia. Lakini nina shaka nayo. Nimewaona vijana wanaohesabu pumzi chini ya dawati kwa bidii kubwa kiasi kwamba hawasikii kinachofundishwa, wakiamini kwamba wasipohesabu watakufa. Pumzi imekuwa njia nyingine ya kukwepa. Bado sijapata kanuni ya kunionyesha mapema ni nani itamsaidia na ni nani itamfunga.

Kabla ya yote hayo lazima liulizwe swali moja, kijana akiwa peke yake na bila haraka: je, kuna hatari ya kweli? Tanzania kanuni za mwaka 1979 bado zinaruhusu viboko shuleni, na wapo wanafunzi wanaopigwa kupita hata kanuni hizo, wanaoonewa bwenini, au wanaosumbuliwa kimapenzi na mtu mzima. Huyo hana hofu ya kufundishwa kuivumilia. Hatari ndiyo inayopaswa kuondolewa, na hapo kumtoa shuleni kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa. Kinachonisumbua ni walio katikati, kama kijana ambaye yeye mwenyewe hapigwi lakini kila siku anaona wenzake wakipigwa kwa kukosa majibu. Hofu yake imezidi kiasi, na pia ina msingi. Kwa vijana wa namna hiyo nazungumza na shule kwanza, hatua zinafuata baadaye, na sina uhakika kila mara kwamba nimepima sawasawa.

Kuhusu dawa nitasema machache. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2008, lenye watoto na vijana 488 wa miaka 7 hadi 17, lilionyesha baada ya wiki 12 kwamba walioimarika vizuri walikuwa asilimia 81 kwa waliopata tiba ya mazungumzo pamoja na sertralini (dawa ya sonona inayotumika pia kwa wasiwasi), 60 kwa tiba ya mazungumzo peke yake, 55 kwa sertralini peke yake, na 24 kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo dawa si aibu wala si imani haba. Zinahitaji ufuatiliaji wa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kuhusu mawazo ya kujiua kwa vijana wanaozianza. Ninachokipinga kwa nguvu ni diazepamu inayotolewa dirishani "ya kutuliza" mwezi baada ya mwezi: inazoeleka mwilini, na kijana akifanikiwa kukabili jambo akiwa ameimeza, sifa zote anaipa dawa.

Na mimi nina swali linalonikosesha utulivu. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake waliwajaribu wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili kubwa za sonona au wasiwasi. Vijana waliotoka tu kumaliza sekondari waliongoza vikundi vya vikao vinne kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 wasiwasi ulipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Programu ile haikuwa na ngazi za kukabili hofu ninazozitetea hapa. Naweza kujibu kwamba kuwa na dalili si sawa na kuwa na ugonjwa uliokwisha kumtoa mtu shuleni, na nadhani jibu hilo ni sahihi, ila halinitoshi.

Halinitoshi zaidi nikikumbuka kilichowapata vijana wa jaribio lile la Marekani. Walipofuatiliwa kwa miaka, takriban 22 kati ya kila 100 tu ndio waliokaa muda wote bila ugonjwa. Karibu nusu walipona wakarudiwa, na 30 hivi waliendelea kuugua. Kwa hiyo simwahidi mzazi kwamba jambo limekwisha. Ninachokiona hapa kwetu ni kwamba hofu hurudi zaidi baada ya likizo ndefu ya Desemba, kwa sababu hatua zote zimelala mwezi mzima. Namtaka kijana aendelee na daftari lake likizoni, asome kwa sauti msikitini, kanisani au mbele ya binamu zake, atumwe dukani na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza jambo. Na namwomba mzazi amlete wiki ya mwisho ya likizo, shule ikiwa haijafunguliwa, tupange pamoja siku tatu za kwanza za Januari.