Uwekezaji wa manufaa kwa biashara ndogo: yanayosemwa na yaliyopo

Kuna uwekezaji ambao mwenye pesa hutaka mambo mawili kwa mpigo: mtaji wake urudi, na maisha ya watu fulani yawe bora kwa namna inayoweza kupimwa. Shughuli yenyewe ni ya zamani. Uingereza iliunda shirika la kuwekeza katika makoloni yake mwaka 1948, ambalo leo linaitwa British International Investment, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilianza mwaka 1956. Jina ndilo jipya, kwani lilitokana na mkutano ulioitishwa na Rockefeller Foundation huko Bellagio, Italia, mwaka 2007. Hapa nitauita uwekezaji wa manufaa.

Tangu hapo wanaoutafuta mtaji huo wana yao ya kusema, wanaoutoa wana yao, na wanaoupinga nao hawajakaa kimya. Mengi katika hayo hayasimami ukiyagusa kidogo.

"Ni msaada tu, umevaa suti"

Katika utafiti wa mwaka 2020 wa GIIN, mtandao wa kimataifa wa wawekezaji hawa, theluthi mbili hivi ya waliojibu walisema wanatafuta faida inayolingana na ya soko. Waliobaki waliridhika na faida pungufu, wengine wakitaka tu mtaji usipotee. Hata hao wa mwisho wanataka pesa irudi.

Mjasiriamali anayetia saini akidhani atahurumiwa mauzo yakishuka hukumbushwa vipengele vya mkataba: dhamana, hisa, kiti cha mwekezaji kwenye bodi, ripoti ya kila robo mwaka. Panapotofautiana na benki ya kawaida mara nyingi ni kwenye subira. Taasisi kama Acumen, iliyoanzishwa mwaka 2001, zimejijengea jina kwa mtaji unaokubali kungoja miaka mingi. Kungoja deni si kulifuta.

"Wema na faida havikai nyumba moja" (na kinyume chake)

Hapa kuna dhana mbili zinazopingana, na zote mbili zina ushahidi wa kunukuu.

Watafiti Barber, Morse na Yasuda walilinganisha mifuko ya mitaji ya ubia (inayokusanya pesa za wawekezaji na kununua hisa za kampuni changa) yenye lengo la kijamii na ile ya kawaida. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba mifuko ya kijamii ilipata faida ya mwaka iliyo pungufu kwa pointi 4.7 za asilimia. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa uwekezaji wa hisa wa IFC katika nchi zinazoendelea, unaorudi nyuma zaidi ya nusu karne, ulikuta kwamba pesa hizo zilizaa asilimia 15 zaidi kuliko ambavyo zingezaa zikiwekwa kwenye kampuni kubwa za Marekani zilizo katika kipimo cha S&P 500. Ubora huo ulipungua kadiri nchi hizo zilivyofungua masoko yao ya fedha na wawekezaji wengine wakaingia.

Sioni mgongano hapo. Mtaji ukiwa adimu mahali, anayefika wa kwanza hupata miradi mizuri kwa bei nzuri. Anayekusudia kuwafikia wateja walio maskini zaidi na walio mbali zaidi hubeba gharama ambayo mwenzake haibebi. Kwa hiyo anayekuahidi faida kamili ya soko na kumfikia maskini wa mwisho, vyote katika mfuko mmoja, mwombe hesabu zake.

"Tatizo ni uhaba wa pesa"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya tarakimu za kweli. Mwaka 2017 IFC ilikadiria kwamba biashara rasmi zipatazo milioni 65 katika nchi zinazoendelea zilikuwa na upungufu wa mtaji wa dola trilioni 5.2 kwa mwaka. Nayo GIIN ilikadiria mwaka 2024 kwamba mali zilizo chini ya uwekezaji wa manufaa duniani zimefika dola trilioni 1.57. Msomaji huziweka pamoja na kuhitimisha kwamba mtungi haujajaa, basi uongezwe maji.

Lakini sehemu kubwa ya hizo trilioni haijawahi kuikaribia biashara ndogo, na nyingi hubaki ndani ya nchi tajiri. Zimelala kwenye nishati, nyumba, miundombinu, kampuni kubwa na taasisi za fedha. Sababu yake haihitaji njama yoyote. Hesabu ya kawaida inatosha.

Tuseme kuna mfuko wa dola milioni 20. Meneja wake hulipwa asilimia 2 kwa mwaka, ambayo ni desturi ya sekta hii, yaani dola 400,000. Humo humo watoke wachambuzi, wanasheria, wakaguzi, nauli na ofisi. Sasa kila biashara inayotaka mtaji ni lazima ichunguzwe: vitabu vya hesabu, umiliki wa ardhi, kodi, mikataba ya wateja, tabia ya mwenye biashara. Tuseme uchunguzi na mkataba vinagharimu dola 40,000. Kwa biashara inayochukua dola milioni 4 hiyo ni asilimia 1, haiumi. Kwa inayochukua 150,000 ni zaidi ya robo ya mtaji wenyewe, kabla senti moja haijafanya kazi. Na ili kumaliza milioni 20 kwa vipande vya 150,000, meneja atahitaji biashara zaidi ya 130, kila moja na matatizo yake, akiwa na watu watano au sita.

Atafanya nini? Atapanda juu. Atatafuta biashara tano au kumi kubwa, zenye hesabu zilizokaguliwa na mkurugenzi anayejua kutengeneza mada ya kuwasilisha, ikiwezekana aliyesoma chuo kimoja na mwekezaji. Chini kabisa, taasisi za mikopo midogo zinashughulika na mama mwenye meza ya biashara na fundi wa mtaa, kwa mamia ya dola. Katikati, kuanzia makumi ya maelfu hadi laki kadhaa za dola, wanabaki wenye karakana, wasindikaji na wasambazaji: wakubwa mno kwa mkopo mdogo, wadogo mno kwa mfuko. Huko ndiko zinakoweza kupatikana ajira kumi, kumi na tano, ishirini kwa mpigo. Wavu wa papa hauvui dagaa, hata ukiurusha mara ngapi.

Kuna kikwazo kingine kinachozungumzwa kidogo: saa ya mfuko. Mifuko mingi huishi miaka kumi. Mwekezaji aliyenunua hisa mwaka wa tatu lazima aziuze kabla ya mwaka wa kumi, na mahali ambapo soko la hisa ni dogo na kampuni za kununua kampuni nyingine ni chache, haoni wa kumuuzia. Ndiyo maana baadhi wameacha hisa na kutumia mikataba ambayo biashara hulipa asilimia fulani ya mauzo hadi kifike kiwango walichokubaliana. Mwezi mzuri unalipa zaidi, mwezi mbaya unalipa kidogo, na hakuna haja ya kumtafuta mnunuzi mwishoni. Wengine wanakopesha kwa kutegemea mkataba wa mauzo badala ya hati ya kiwanja, kama ilivyofanya Root Capital tangu mwaka 1999 kwa vyama vya wakulima vyenye wanunuzi wa nje. Pengine jambo la maana zaidi ni ruzuku inayolipia gharama ya uchunguzi au kufidia hasara ya kwanza, ili mkopeshaji wa ndani athubutu kushuka hadi kwenye kiasi kile kidogo. Ukimpa mfuko uleule milioni 20 nyingine bila kugusa hesabu hii, atapanda juu zaidi.

"Mkopo wa dola ni nafuu, riba yake ndogo"

Riba ndogo, ndiyo. Kabla ya Juni 2023 dola moja nchini Nigeria ilikuwa naira 460 hivi kwa bei rasmi. Serikali ilipoiachia sarafu ijitafutie bei, kufikia Februari 2024 dola ilikuwa imepita naira 1,500. Aliyekopa dola 100,000 alikuwa anadaiwa naira milioni 46. Miezi minane baadaye, bila kukopa kingine, alidaiwa zaidi ya milioni 150, huku wateja wake wakilipa kwa naira.

Anayeuza nje ya nchi na kulipwa kwa dola anaweza kuuvumilia mkopo huo. Anayeuza mtaani amecheza kamari ya sarafu bila kujua, na aliyemkopesha, ambaye ana wachumi wa kumshauri, ndiye aliyemkabidhi karata. Njia ya kutoka ipo. Taasisi za fedha za maendeleo, ambazo kwa kawaida humilikiwa na serikali na kuwekeza katika nchi zinazoendelea, ziliunda TCX mwaka 2007, mfuko unaobeba hatari ya sarafu ambazo benki kubwa hazitaki kuzigusa. Ila ulinzi huo unalipiwa, na ukishaongezwa juu ya riba, riba ya dola ya, tuseme, asilimia 8 huwa 20 na kitu kwa sarafu ya nyumbani. Watu wakiiona husema wanaibiwa. Mara nyingi hiyo ndiyo bei halisi, iliyokuwa imefichwa.

"Basi riba ishushwe kwa sheria"

Hasira hii ina chimbuko. Mwaka 2007 wenye hisa wa benki ya Compartamos ya Meksiko, iliyoanza kama shirika lisilo la faida, waliuza asilimia 30 ya hisa za benki hiyo kwa umma kwa takriban dola milioni 450, huku wakopaji wake, wengi wao wanawake maskini, wakilipa riba ya zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. Waliovuna walikuwemo wawekezaji wenye lengo la kijamii. Mwaka 2010 jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilishuhudia watu waliorundikiwa mikopo na kampuni kadhaa kwa pamoja. Zikaja taarifa za watu kujiua, serikali ya jimbo ikaingilia kati, na marejesho yakakatika karibu kabisa.

Ila kufunga riba kwa kamba moja kuna yake pia. Kenya iliweka kikomo mwaka 2016: pointi nne juu ya kiwango cha benki kuu. Benki zikageukia hati fungani za serikali na wakopaji wakubwa, wenye biashara ndogo wakaambiwa hawana sifa, na mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Mkopo wa dola 200 ukigharimu 30 kuuhudumia, asilimia 15 imeshaliwa kabla hujahesabu pesa yenyewe ilitoka wapi. Ninaloliona la haki ni bei yote kuwekwa wazi kwa mwaka mzima, pamoja na ada, na wakopeshaji kuoneana madeni ya mteja wasije wakamrundikia.

"Mkopo humtoa mtu katika umaskini"

Baadhi. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizolinganisha watu waliopangwa kwa bahati nasibu, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mongolia, Meksiko na Morocco. Kwa ujumla mikopo midogo iliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga mambo yao na biashara zikakua kidogo, lakini mapato ya kaya hayakupanda kwa namna ya kubadili maisha.

Si kwamba mtaji hauna kazi. Sri Lanka, watafiti de Mel, McKenzie na Woodruff waliwapa wenye biashara ndogondogo mtaji wa bure, na ukazaa karibu asilimia 5 kwa mwezi. Ulizaa kwa wanaume. Kwa wanawake haukuonekana kuzaa chochote, jambo ambalo anayewatangaza wanawake kwenye jalada la ripoti yake angepaswa kulitafakari.

"Jina la mfuko ni uthibitisho tosha"

Kampuni ya uwekezaji ya Abraaj, ya Dubai, ilikuwa na mfuko wa afya wa dola bilioni 1 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, ukiwa na fedha za Gates Foundation na taasisi za fedha za maendeleo. Wawekezaji walipouliza pesa zao ziko wapi, maswali yakazaa ukaguzi, na mwaka 2018 kampuni ikaanguka.

Ulaghai wa wazi, hata hivyo, ni nadra. Kilichojaa ni hesabu laini: "tumewafikia wateja milioni moja", "tumesaidia ajira elfu tano". Kampuni ingeajiri wangapi bila pesa hiyo? Ikiwa benki tatu zilikuwa mlangoni zikigombea kuikopesha, mfuko haukuongeza kitu. Ulichukua nafasi tu. Kanuni za usimamizi wa manufaa zilizozinduliwa mwaka 2019 kwa uongozi wa IFC zinawataka waliotia saini waeleze mchango wao hasa na wapate uthibitisho wa mtu wa nje. Ni hatua, ingawa kinachothibitishwa ni utaratibu kuliko matokeo.

Mahali ambapo swali hilo lilijibiwa vizuri ni Nigeria. Shindano la serikali liitwalo YouWiN!, lililoanza mwaka 2011, liliwapa washindi 1,200 wa awamu ya kwanza karibu dola 50,000 kila mmoja, na kwa kuwa sehemu ya washindi ilichaguliwa kwa bahati nasibu, David McKenzie, yuleyule wa utafiti wa Sri Lanka, aliweza kuwalinganisha na waliokosa. Miaka mitatu baadaye waliopata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado wako kwenye biashara na wameajiri watu kumi au zaidi. Kiasi kile ndicho hasa ambacho mifuko inakiruka. Na ilikuwa ruzuku: hakuna aliyetakiwa kurudisha chochote.