Uganda na marafiki wanaobadilika kila uchaguzi

Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Uganda haikusema ndiyo wala hapana. Sababu iliyotolewa ni kwamba tulikuwa tunajiandaa kuongoza jumuiya ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Mwezi Julai Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akatua Entebbe, na Agosti akaja Linda Thomas-Greenfield, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Wengi walizisoma ziara hizo kama ushahidi kwamba asiyechagua upande hubembelezwa na wote. Kwa wakati ule walikuwa sahihi. Mimi ninayefuatilia sera ya nje ya nchi hii kwa kazi naona wakati huo umekwisha.

Wakubwa wa dunia ni walewale, ila namna yao ya kuamua imebadilika. Zamani ukigombana nao uligombana na taasisi. Bunge letu lilipopitisha sheria dhidi ya ushoga mwaka 2023, Benki ya Dunia ilisitisha mikopo mipya Agosti mwaka huo, na tarehe 1 Januari 2024 Marekani ikatuondoa katika AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Uyapende masharti hayo au uyachukie, yalikuwa yameandikwa, na njia ya kuzungumza ilikuwapo: Benki ya Dunia ilirejea na mikopo mipya mwaka 2025.

Linganisha na tarehe 20 Januari 2025. Siku ya kwanza ofisini, Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kliniki zetu za VVU, zilizojengwa juu ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003, zikabaki hazijui mishahara itatoka wapi. Kampala haikuwa imemkosea mtu. Hakuna kura tuliyopiga iliyotuponza, wala balozi wetu aliyeteleza ulimi. Agosti mwaka huohuo ukafuata ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa zetu. Kiongozi anayepanda kwa kaulimbiu ya wenye nchi kwanza anazungumza na wapiga kura wake, na sisi ni mfano tu ndani ya hotuba yake. Diplomasia ya kawaida haina dawa ya hilo, kwa sababu hatujaombwa jambo la kukubali au kukataa.

Jambo ambalo viongozi hao wanaliomba kweli ni moja: wahamiaji waondoke machoni. Agosti 2025 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitangaza makubaliano ya kupokea watu wa nchi nyingine wanaofukuzwa Marekani, kwa masharti kwamba wasiwe na rekodi ya uhalifu wala wasiwe watoto wasio na wazazi. Mwezi uliofuata Uholanzi, ambako chama cha Geert Wilders kilishinda uchaguzi wa 2023 kwa kupinga wahamiaji, nayo ikatia saini nasi hati ya nia kuhusu waomba hifadhi waliokataliwa. Mchovya asali hachovyi mara moja, na miji mikuu mingine ya Ulaya inatazama.

Hapa sina budi kusema wazi. Nchi hii ilipokea Wapolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Sifa hiyo ilijengwa na watu wa Adjumani, Yumbe na Isingiro waliogawa ardhi yao. Naumia kuiona ikigeuzwa bidhaa ya mazungumzo, tena bila mjadala wa kina bungeni, katika mwaka uleule ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa kwenye mgao wakimbizi wapatao milioni moja. Tena ni bidhaa ya muda. Wilders alikitoa chama chake serikalini hata kabla ya hati hiyo ya Uholanzi kusainiwa.

Mahali Uganda inapofanya vizuri ni kwenye miradi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga lina Wafaransa wa TotalEnergies wenye asilimia 62, Wachina wa CNOOC wenye 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yenye 15 kila moja. Benki kubwa za Magharibi zilipolikimbia, fedha zilipatikana kwa Afreximbank, Standard Bank na wengine, wakiwamo KCB Uganda. Reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, baada ya miaka ya kusubiri mkopo wa China, ilipewa Yapı Merkezi ya Uturuki mwaka 2024. Kiwanda cha kusafisha mafuta kina mbia kutoka Falme za Kiarabu. Hakuna mmoja kati ya hao anayeweza kuamka vibaya akatuzimia kila kitu.

Lakini mtu anayeweza kutuzimia kila kitu yuko, na haishi Washington. Zaidi ya asilimia 90 ya petroli na dizeli yetu hupitia Kenya. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipong'oa reli pale Kibera na kufunga barabara, bei ya petroli Kampala ilipanda mara dufu na zaidi, na wafanyabiashara wetu walipoteza mizigo. Mwaka 2023 Nairobi ilipoanza kununua mafuta kwa mkataba na kampuni za serikali za Ghuba, tulijikuta tukilipia kampuni za kati. Uganda ikaamua UNOC, shirika letu la taifa la mafuta, iagize yenyewe kupitia Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta. Kenya ikaichelewesha UNOC leseni. Tukaenda Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, huku tukizungumza na Tanzania kuhusu kupitisha mafuta kwao. Mwaka 2024 Kenya ikakubali, na Julai UNOC ikaanza kuagiza. Kilichofanya kazi hapo ni mahakama ya pamoja na njia ya pili, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Agosti 2027 Wakenya watapiga kura tena, na ni rahisi kwa mgombea kuahidi Mombasa ya Wakenya kwanza. Hadi siku hiyo ningependa kuona akiba ya mafuta imejaa matangi ya Jinja, meli za mabehewa kati ya Mwanza ya Tanzania na Port Bell yetu zikienda kwa ratiba inayoaminika, na foleni ya malori pale Mutukula, mpakani na Tanzania, ikipungua.